Muziki kwenye Picha za Nyamaza

Mume wangu alikuwa mpigapicha, na watu walimwita Nyamaza. Jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa na wateja, kwa sababu ndilo neno walilolisikia zaidi kinywani mwake, na wengine waliondoka studio bila kusikia lingine. Nimeishi naye miaka arobaini na mmoja, kwa hiyo anayetaka kunisahihisha habari zake akae chini kwanza.

Studio yetu ilikuwa chumba kimoja cha mbele chenye sakafu ya mbao, pazia la kijivu, benchi na taa mbili. Nyuma kulikuwa na kichumba cha giza cha kusafishia picha. Upande wa pili wa ukuta alikaa fundi cherehani. Ukuta wenyewe ulikuwa mbao zilizosimamishwa tu juu ya sakafu, na sakafu ilikuwa moja, yake na yetu. Akikanyaga cherehani kule, benchi linatetemeka huku. Na kamera yetu ilikuwa ya zamani, haikuwa na ile taa ya kumulika ghafla. Jicho lake likifunguka lilikaa wazi muda wa mtu kumeza mate. Ukijitikisa katika muda huo, unatoka una pua mbili.

Kwa hiyo kabla ya kupiga, mume wangu aligonga ukuta mara moja. Fundi anaondoa mguu, anazima na redio yake. Mimi nafunga mlango. Halafu Nyamaza anasimama kando ya kamera, anawatazama watu, anasema neno lake, wala hakulisema kwa ukali. Kisha anangoja. Hapo ndipo wenzake walipomcheka, kwa kuwa hakupiga mara tu watu waliponyamaza. Mtu akinyamaza, mwanzo anavaa uso wa kupigiwa picha. Ukimwacha kidogo, ule uso unamchosha, anauvua mwenyewe, unabaki ule anaokuwa nao akiwa peke yake jikoni anamenya viazi. Huo ndio aliokuwa akiuvizia.

"Nyamaza, suruali ya mtu haiishi!" fundi alipiga kelele toka kule. "Leo umenigongea mara kumi na moja. Nimwambie mteja aende kazini na mguu mmoja?"

"Mlete nimpige picha ya mguu huohuo," mume wangu anamjibu. Tunasikia kicheko, cherehani inaanza tena.

Kazi hiyo hakufundishwa na mtu. Enzi za ujana wake alifagia studio ya bwana mmoja, na bwana huyo kila akiingia chumba cha giza alijifungia kwa ndani, asije mfagiaji akamwibia ujuzi. Basi mume wangu akawa anaokota picha zilizoharibika kwenye pipa, anazipeleka chumbani kwake, anazipanga chini na kujiuliza kila moja imekufa kwa ugonjwa gani. Hii imetikisika. Hii imekaa kwenye dawa kupita kiasi. Hii imeona mwanga kabla ya wakati wake. Nilipoolewa nilimkuta bado ana sanduku zima la hizo taka, na wiki ya kwanza nikataka kuzichoma moto. Tulinuniana siku tatu. Sanduku lilibaki.

Mimi niliosha picha, nikazianika kwenye kamba, nikaandika majina kwenye bahasha. Hata herufi nilijifunzia hapo, kwenye majina ya watu.

Katika picha zake zote, kuna moja ninayoiweka mbele. Ni ya watoto pacha, wasichana wa miaka minne, wa mama mmoja aliyekaa mitaa miwili nyuma yetu. Watu wanamwita Mama Pacha mpaka leo. Mmoja wa wale watoto alikuwa anakohoa kwa mwezi wa nne mfululizo. Hospitali walishampa dawa, wakabadilisha, wakampa nyingine. Siku hiyo mama yao aliwaleta wamevaa magauni ya rangi moja, akasema anataka picha. Hakusema kwa nini leo. Sisi hatukuuliza.

Filamu ilikuwa imebakiza nafasi mbili, na nyingine ilikuwa haijafika. Mume wangu akagonga ukuta, fundi akaacha, mimi nikafunga mlango. Akasema neno lake. Yule mtoto alikuwa msikivu, akanyamaza, na papo hapo kikohozi kikamshika. Nafasi ya kwanza ikaharibika hivyo. Ya pili mume wangu hakutaka kuipoteza. Akatoa mkono kwenye kamera, akangoja. Mtoto anatulia, mkono unarudi, mtoto anakohoa, mkono unaondoka. Ikaenda hivyo karibu saa nzima. Fundi akaja mlangoni amekasirika, futi lake la kitambaa shingoni, nikamfungulia. Akachungulia, akaona. Akavua viatu palepale, akarudi kwake peku ili mbao zisilie.

Mwishowe mtoto alifanya jambo ambalo hakuna aliyemwambia. Alibana midomo. Alikizuia kikohozi ndani, kwa nguvu zake zote, macho yakamtoka. Pacha mwenzake akageuza macho kumtazama. Hapo mume wangu akapiga. Kikohozi kilipotoka baadaye kilimlaza mtoto kwenye magoti ya mama yake.

Mwezi haukuisha, akafariki. Mama Pacha alichukua picha yake moja ya karatasi, sisi tukabaki na negativu, ile filamu ya kuchapia, kwenye bahasha. Na mimi, kila nilipoitazama ile picha, nilisikia ule ukimya. Saa nzima ya watu wazima kuzuia pumzi kwa ajili ya mtoto. Niliona kwamba kama kuna kitu mume wangu alikifanya duniani, ni kile.

Halafu simu zikaja, kila mtu akawa mpigapicha, wateja wakapungua mpaka wakawa hawaji kabisa. Fundi alihama kwenda kwa mwanawe. Mume wangu aliishi miaka mingine sita akitengeneza viti vya watu na kunyamaza. Siku zake za mwisho alilazwa wodi yenye watu ishirini, na redio ukutani. Mchana aliofia ile redio ilikuwa inapiga nyimbo za kucheza. Nikamwomba muuguzi aizime.

"Mama, wodi si ya kwako peke yako," akaniambia. "Wengine inawaliwaza."

Nikamwomba tena. Akapunguza kidogo. Mume wangu akakata roho huku mtu anaimba habari za kiuno. Hilo sijalimeza.

Sasa yupo mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu mkubwa. Babu yake alikuwa akimwita mke wangu, kwa hiyo mimi namwita mke mwenza, naye ananijibu kijeuri kama mke mwenza kweli. Anafanya kazi duka la kutengeneza simu na kuchapisha picha. Baada ya msiba aliniomba zile bahasha. Nilimpa, tena kwa kujivuna. Akazipitisha kwenye mashine moja moja, negativu zikawa picha, picha zikaingia mtandaoni kwenye ukurasa aliouita Picha za Babu. Watu wakazipenda. Kila Jumapili alipokuja aliniambia wamefika wangapi, na mimi nilijifanya sisikilizi, nikamuuliza tena kabla hajaondoka.

Jumapili moja akaniwekea simu mkononi. "Leo uone mwenyewe, Bibi. Nimezitia muziki."

Nikaona. Picha ya kwanza ilikuwa ya fundi viatu na mkewe, imekaa kidogo ikaondoka. Ikaja ya walimu watatu, nayo ikaondoka. Kinanda kinalia, na kila kikigonga kwa nguvu picha inabadilika, kama watu wanasukumwa mlangoni. Kisha wakaja pacha. Kinanda kikashuka, kikaanza kulia kile kilio cha kuomba machozi, na picha ikawa inasogea yenyewe, inamfuata yule mtoto usoni taratibu mpaka pacha mwenzake akatoka nje ya kioo.

"Huu wimbo naujua," nikasema. "Si ndio wa tangazo la sabuni?"

"Bibi, huo upo huko bure, kila mtu anautumia."

"Kwa hiyo umemfulia babu yako na sabuni ya kila mtu."

"Jamani! Hebu soma maoni ya watu basi. Wanalia."

"Wanalia kwa sababu kinanda kimewaamuru. Toa."

"Nitoe wapi? Kwenye hii?"

"Zote. Na hii mtoto asisogezwe sogezwe. Babu yako alimweka kwenye benchi na mwenzake, wewe nani wa kumwondoa mwenzake?"

Akavuta kiti karibu. Huyu mtoto hashindwi haraka, amenirithi. "Bibi, mtandaoni watu wanapita mbio. Picha kimya hawaioni. Muziki ndio unaowashika mkono, wanasimama kidogo."

"Wasiosimama wapite."

"Na Babu mwenyewe si aliimba? Mama ameniambia. Kwenye chumba cha giza alikuwa anaimba."

Ni kweli, na ilinichoma kwa kuwa ni kweli. Saa ya chumba cha giza iliharibika mapema, tukakosa ya kuibadilisha. Mume wangu akawa anapima muda wa dawa kwa wimbo aliojitungia, hauna maana, majina ya mboga tu yamefuatana. Ubeti mmoja kwa picha ya sura moja, beti mbili kwa ya ukoo mzima. Sura ya mtu ilikuwa inatokea kwenye maji ya dawa wakati mume wangu yupo kwenye mchicha.

"Aliimba kwa sababu saa ilikufa," nikamwambia. "Picha ikishatoka chumbani humo alimpa mtu mkononi bila wimbo. Wimbo una mwisho, mke mwenza. Ukiisha na picha yako inaondoka. Ile ya karatasi mtu anaiangalia mpaka yeye mwenyewe atosheke."

"Sawa, Bibi."

"Sawa gani?"

"Sawa ya kwamba picha ni zako." Akachukua simu, akaanza kuzitoa muziki moja moja mbele yangu, bila kuniangalia. Zikarudi kimya. Alipomaliza akachukua mkoba wake. Chai yake ilikuwa bado inafuka mezani.

Jumapili iliyofuata hakuja. Ya pili hakuja. Ya tatu nikajiambia afadhali, nyumba imetulia. Nilikuwa nimeshinda. Ukimya niliokosa kumpa mume wangu wodini nilikuwa nimempa sasa, na nilimwambia hivyo kwa sauti, mbele ya kiti chake.

Siku ya Jumatano, baada ya chakula cha mchana, Mama Pacha akabisha hodi. Tunaonana msibani na dukani tu, kwangu alikuwa hajafika tangu tumzike mume wangu. Amezeeka, anatembea kwa fimbo. Nilijua amekuja kunishukuru. Nikajiweka sawa kitini, nikamngoja aanze.

"Dada," akasema, "nimekuja kuuliza nimewakosea nini."

"Mama Pacha, kosa gani tena?"

"Ile picha ya wanangu. Ilikuwa na muziki. Binti yangu alinitumia kutoka huko anakofanya kazi, jirani akaniwekea kwenye simu yangu nikawa naifungua mwenyewe. Sasa muziki haupo. Nikasema labda jirani ameharibu, akasema hapana, wenyewe wameutoa. Nikasema basi kuna neno limefika kwako."

"Hakuna neno," nikamwambia. "Nimeutoa mimi. Ule ni wimbo wa sabuni."

"Najua ni wa sabuni. Redio yangu haijafa."

"Sasa unautakia nini? Wewe ulikuwepo. Unajua jinsi Nyamaza alivyoungoja ule ukimya. Fundi alivua viatu!"

"Alivua viatu, nakumbuka." Akaiweka fimbo chini. Kisha akasema, "Nyinyi mlisikia ukimya. Mimi ile picha nikiiangalia nasikia kikohozi."

Nikaiokota fimbo yake, nikaiegemeza kitini kwake.

"Ile midomo alivyoibana, Dada. Najua kilichomo ndani. Miaka thelathini na nne, nikiitoa tu kabatini, nakisikia kinataka kutoka, na hakitoki, mtoto amekizuia. Nikawa siitoi. Inapita mwaka mzima sijamwona mwanangu mwenyewe usoni, kwa kuwa nikimwona ananiuma kifua. Sasa ule muziki ulipokuja sikukisikia. Mara ya kwanza nikaona ana kidoti hapa." Akagusa chini ya jicho lake. "Nilikuwa nimekisahau kidoti cha mwanangu."

Nilitaka kumwambia kwamba kidoti kilikuwepo siku zote. Nilitaka kumwambia kwamba mume wangu alisimama saa nzima. Maneno yote yalikuwa tayari, na kila nililolichukua nililiona dogo. Nikakumbuka yule muuguzi alivyoniambia wengine inawaliwaza, na mimi nilivyomwona hana adabu.

"Kunywa chai," nikamwambia.

"Nimekunywa kwangu."

"Basi kunywa na ya kwangu."

Akanywa. Hakuniomba kitu kingine, alitaka tu kuhakikisha hatujagombana. Nilimsindikiza mpaka kona, na njia nzima tulizungumza habari za magoti yetu.

Kesho yake asubuhi nikaenda dukani kwa mjukuu wangu. Sijawahi kufika hapo. Ni kijiduka chembamba, meza ya kioo mbele, ndani simu zilizofunuliwa matumbo, na mashine ya kuchapisha picha inakoroma pembeni. Wateja wawili walikuwa wanangoja. Aliponiona aliweka bisibisi chini.

"Shikamoo, Bibi. Umekuja kunifokea mbele ya wateja?"

"Marahaba. Ningekuja kukufokea ningekuja na kanga ya kufunga kiunoni. Nipe kiti."

Akanipa cha kwake, yeye akasimama. Wateja wakajifanya wanasoma bei ukutani.

"Ile ya pacha," nikasema, "irudishie muziki."

Akanitazama kama nimemwambia nimeolewa tena. "Irudishie?"

"Masikio yako yameziba?"

"Na nyingine?"

"Nyingine nimezungumza habari zake? Nyingine zikae kama babu yako alivyoziacha. Hiyo moja tu."

"Bibi, kama ni hivyo ngoja nikutafutie wimbo mzuri. Upo wa zeze, umetulia, hata wewe utaupenda."

"Nani amekwambia ni wa kwangu? Weka uleule wa sabuni. Mama Pacha ndiye anayeutaka."

Nikamweleza, kwa ufupi, kwa kuwa wale wateja walikuwa wameacha kujifanya. Nilimweleza habari ya kikohozi. Nilipofika kwenye kidoti yeye mwenyewe akaifungua picha kwenye simu yake, akaikuza kwa vidole viwili, akakitafuta. Kipo.

"Mimi nimeisafisha hii picha kwenye kompyuta," akasema polepole. "Nilidhani ni vumbi. Kidogo nikifute."

"Usikifute."

"Sikifuti, Bibi."

"Na usimsogeze. Wakae wote wawili. Wimbo ukiisha uanze tena, picha isiondoke mpaka mtu aiondoe mwenyewe."

"Hilo linawezekana."

Alifanya kazi kama babu yake, mabega yamepanda juu, mdomo wazi kidogo. Sikumwomba msamaha, naye hakuniomba. Alipomaliza akanipa simu niangalie kabla haijaenda kwa watu.

Wimbo ukaanza. Nausema ukweli, bado niliuchukia. Kinanda kilikuwa kinanivuta machozi kama mtu anayenivuta kanga njiani, na picha niliijua, niliiosha kwa mikono hii, nikaona inanitoka. Nikatafuta kwenye simu panapotokea sauti, kule chini, vitundu vidogo kama vya chujio. Nikaviziba kwa kidole gumba. Wimbo ukawa unatetemeka kwenye nyama ya kidole tu, sauti haipo. Duka likawa kimya, au mimi nililisikia hivyo. Nikawatazama wale watoto, mmoja amebana midomo, mwingine anamtazama, mpaka nilipotosheka.

Kisha nikaondoa kidole, nikamrudishia simu yake.

"Haya, mpelekee," nikasema.